Samaki Mwenye Namba

Anastase Ntirampeba ni mtu wa wasiwasi. Nasema hivyo kwa upendo, maana nimemzoea kuliko nilivyowahi kumzoea mume wangu wa kwanza. Ukimkaribisha chai anauliza kama jiko umelizima. Ukimpa lifti anafunga mkanda wake, kisha anageuka kuukagua wako. Mkewe, Médiatrice, husema siku ya harusi aliolewa na wawili, Anastase na wasiwasi wake, na kwamba huyo wa pili ndiye anayeamka mapema zaidi.

Mimi naitwa Wambura, mtu wa Musoma, natunza wazee majumbani mwao huku magharibi mwa Stockholm. Anastase ni Mrundi wa Rumonge. Siku ya kwanza tulipokutana tuligundua kwamba wote wawili tumekulia kando ya ziwa, yeye Tanganyika na mimi Victoria, na tangu hapo ananiita dada na mimi namwita kaka. Yeye na mkewe na binti yao Mélissa wanaishi Hässelby, ghorofa ya tatu, mwisho wa reli ya kijani. Kutoka kwao mpaka ziwa Mälaren unatembea tu kwa miguu, na nadhani hiyo ndiyo sababu pekee iliyomfanya akubali kuhamia kule.

Kazi yake ya mshahara ni kupika shuleni. Kazi ya moyoni ni ukaguzi wa uvuvi. Waswidi wana neno lake, fisketillsynsman, ambalo Anastase hulitamka polepole kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Alisoma kozi, akapewa kitambulisho chenye picha na kizibao cha kung'aa, na jioni au mwisho wa juma huzunguka ufukweni akisalimia wavuvi na kupima samaki wao. Kuna mmoja wa hapa anaitwa gös, mtamu, anafanana na sangara aliyekosa shibe. Akiwa mfupi kuliko kipimo lazima arudi majini. Watu humnunia Anastase kwa ajili hiyo. Wengine humwita polisi wa samaki, na yeye haoni ubaya. Kitambulisho chenyewe amekivalisha mfuko wa plastiki, na naapa nimemwona akikipapasa mfukoni katikati ya misa.

Ukitaka kumwelewa umsikilize akisimulia Rumonge, naye atasimulia hata usipotaka. Alipokuwa kijana, samaki anayeitwa mukeke alikuwa mwingi hata hakuna aliyefikiria kumhesabu. Wavuvi walitoka na taa usiku wa giza, na mwezi ukijaa walipumzika, kwa sababu samaki hafuati taa penye mbalamwezi. Wavuvi waliona ni mapumziko yao. Anastase anasema yalikuwa mapumziko ya samaki, ila hakuna aliyelitambua hilo. Kisha zikaja nyavu za matundu madogo, zikaja nyingine za kukokota ufukweni ambako samaki wachanga wanakulia, na vita vikawasukuma ziwani hata watu waliokuwa wakulima. Kila mwaka mtu alisema samaki wamehama tu, watarudi. Baba yake alisema hivyo mpaka anakufa. Siku hizi nchi nne zinazolizunguka ziwa lile hulifunga kwa miezi kadhaa ili samaki wapumue, na mdogo wake hupiga simu kutoka Rumonge kulalamika kwamba watoto wanakula maharage tu. Anastase humpa pole. Akikata simu anasema, "Wangelifunga tukiwa vijana."

Kwenye ile kozi ya ukaguzi ndiko alikokutana na stör.

Huyo ni samaki wa zamani sana. Ana pua ndefu iliyochongoka, ndevu nne mbele ya mdomo, na badala ya magamba ana safu za vigao vya mfupa mgongoni na ubavuni. Mayai yake ndiyo yale meusi ambayo matajiri huyala kwa kijiko kidogo. Hapo kale alijaa katika Bahari ya Baltiki na katika mito inayoingia humo. Wafalme walimtaka, watawa walimtaka siku za kufunga nyama, wafanyabiashara walimtia chumvi kwenye mapipa. Zilitolewa amri za kumlinda hapa na pale, lakini nyingine zilichelewa na nyingine ziliishia mpakani, na samaki hajui mpaka. Mito ikajengewa mabwawa, maji yakachafuka. Isitoshe, stör hana haraka. Hukaa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na mvuvi gani atamngoja? Mwisho akatoweka. Sasa wataalamu wa ng'ambo ya bahari hii, Ujerumani na Poland na majirani zao, wanalea vifaranga wa ukoo wake waliotokana na samaki wa Kanada, wanawaachia mitoni, na baadhi yao huvishwa kitambulisho cha plastiki chenye namba. Wakitoka mitoni wanatawanyika baharini, na mara mojamoja mmoja hufika upande wetu. Huku kumvua ni marufuku. Ukimnasa kwa bahati mbaya unamrudisha palepale akiwa hai, halafu unatoa taarifa.

"Mhamiaji mwenye namba," nilimwambia Anastase aliponisimulia. "Huyo ni mwenzetu kabisa. Naye anangoja uraia?"

Hakucheka. Alinieleza tena, tangu mwanzo, kwamba kila mmoja anayekufa kabla ya kuzaa ni miaka kumi iliyotupwa. Nilijuta kufungua mdomo.

Basi alimchukua stör akamfanya mahubiri. Sisi wasema Kiswahili tuna umoja wetu, Wakenya, Watanzania, Warundi, Wakongo, kila mtu na Kiswahili chake, na hukutana Hjulsta kwenye ukumbi wa kukodi. Mwezi wa pili mwaka huu Anastase aliomba nafasi baada ya chakula. Akaweka picha ukutani. Akaanza na wafalme, akaenda kwa watawa, akafika kwenye mapipa, na pale kwenye mapipa watu walianza kusogeza viti kwa ajili ya muziki. Mkongo mmoja akaongeza sauti ya spika. Anastase alikuwa bado hajafika kwenye sehemu yenyewe, ile ya nini cha kufanya. Aliona macho ya watu yamechoka, akapandisha sauti juu ya gitaa.

"Mukimuona huyu mwenye namba, mukuje muniambie! Mukuje kwangu!"

Watu wakapiga makofi, wakasimama kucheza. Mlangoni alikuwa amesimama Eliud Nyamweya, Mkenya wa Kisii, dereva wa basi, kijana mpole kuliko basi lenyewe. Alikuwa ametoka nje kubeba soda na kurudi, na aliyoyasikia ya hotuba nzima ni hayo maneno ya mwisho. Nilimwona akitikisa kichwa kama mtu aliyetumwa.

Sasa ujue jambo moja. Kwa Médiatrice huendi mikono mitupu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na Médiatrice mwenyewe hawezi kukutamkia, ila kote tulikotoka mtu akija na habari, njema au mbaya, anakuja na kitu. Unga, ndizi, hata vitunguu viwili. Kuja mikono mitupu ni kama kusema ulikuwa unapita tu. Mimi siku ile ya Jumapili mwezi wa tano nilikuwa nimekwenda na kilo ya sukari. Eliud ndiye hodari wetu katika mambo hayo. Hajawahi kugonga mlango ule bila parachichi au majani ya chai ya kwao.

Tulikuwa watatu mezani, mimi na Anastase na Médiatrice, na Mélissa chumbani kwake na masomo yake. Kengele ikalia. Eliud akaingia kinyumenyume akiburuta lile boksi kubwa tunalopozea soda kwenye sherehe, shati limelowa kifuani, uso umejaa furaha.

"Mzee, nimekuletea habari," alisema, "na nikasema siwezi kukuja mikono mitupu."

Akafunua kifuniko.

Nimekulia kwenye samaki, lakini yule sikumjua. Alikuwa mrefu kuliko boksi, mkia umejikunja pembeni, mgongo una vigao vya mfupa vilivyopangana. Pua kama koleo. Karibu na pezi la mgongo kilining'inia kijiti cha njano chenye namba ndogondogo. Kifuniko cha shavu kilifunguka, kikafunga, kikakaa, kikafunguka tena.

"Yoo, Mana yanje," alisema Anastase, akimwita Mungu wake kwa Kirundi, na akapiga magoti.

"Ni ile yako, sindio?" Eliud aliuliza. "Nilikuwa na ndoano ya kawaida pale Nacka, kwa bahari, ikakula minyoo. Mimi siwezi kula, haina magamba, na si unajua sisi Wasabato. Lakini ulisema tukuje kwako. Nimeendesha polepole maji isimwagike."

"Umemutoa Nacka mpaka hapa?"

"Ndiyo, mzee. Iko hai kabisa."

Anastase aliomba kikombe. Médiatrice akampa cha plastiki, naye akaanza kuchota maji ya boksi na kuyamwaga tena kutoka juu ili yaingie hewa, akachota, akamwaga, mkono mwingine ameulaza juu ya mgongo wa samaki. Nilidhani atalia, na mimi nikipata mwanaume anayelia sijui pa kutazama, kwa hiyo nikamtazama samaki.

Kisha akasema yote kwa sauti ya chini, bila kumkemea mtu. Kwamba samaki huyu haruhusiwi kuguswa ila kurudishwa. Kwamba kumbeba mpaka nyumbani ni kosa, na kosa la namna hiyo linafika polisi. Furaha ya Eliud iliondoka usoni kidogokidogo. Sote tulijua lililokuwa kichwani mwake. Ombi lake la uraia lilikuwa mezani kwa wakubwa, na siku hizi wanachungulia mwenendo wa mtu mpaka pembe za nyumba. Mkewe alikuwa bado Kisii na watoto. Huo uraia ndiyo ngazi waliyoingoja wote.

"Lakini sijaiua," alisema, akakaa kwenye kibao cha kuvulia viatu. "Mzee, mimi nimekuja tu kukuambia."

"Ninajua," Anastase alisema. "Ni miye nilisema mukuje."

Médiatrice alifunga mlango wa ngazi, ambao hata haukuwa wazi sana. Yeye si mwanamke wa maneno mengi.

"Baba Mélissa," alisema, "ziwa liko hapa chini. Mutie kwenye mfuko mukubwa, mwende mumutupe pale. Nani atajua?"

Mimi nilikuwa upande wake, na sioni aibu kusema hivyo. Ziwa lilikuwa pale, linaonekana kati ya majengo. Samaki angepata maji, Eliud angepata uraia wake, Anastase angebaki na kitambulisho chake, na mimi ningemaliza chai. Nikasema, "Kaka, maji ni maji."

"Maji si maji," alijibu, na hapo ndipo alipopandisha sauti kidogo. Mälaren ni ziwa, alisema. Kati yake na bahari kuna malango ya Slussen pale mjini. Huyu ni wa bahari, wenzake wako baharini. Ukimweka ziwani atakaa peke yake, azeeke peke yake, asizae, na namba yake isisomwe na mtu. Itakuwa umemuua taratibu. Akachota maji, akamwaga. "Na hiyo ya nani atajua, tuliisema Rumonge. Kila mutu aliisema."

Samaki alipiga mkia mara moja, maji yakaruka kwenye zulia, kisha akatulia kwa namna ambayo sikuipenda. Mélissa alitoka chumbani na vipokea sauti shingoni. Akatazama boksi, akamtazama Eliud, akamtazama baba yake.

"Pappa," alisema kwa Kiswidi chake, "ring. Ring nu." Piga simu, piga sasa hivi.

Anastase akapiga. Aliweka simu sakafuni, sauti ya nje, ili mkono usiache kikombe. Mwanamke wa zamu wa ofisi ya uvuvi alipokea. Kiswidi cha Anastase huwa cha kunyata, lakini siku ile kilikimbia. Akasoma namba ya kile kijiti. Yule mama akasema wamrudishe haraka mahali alipotolewa, upande wa bahari, wasimweke ziwani, na maji yawe baridi. Halafu akauliza swali lile tulilokuwa tunaliogopa. Nani alimtoa majini?

Eliud alifungua mdomo. Alifungua kweli, nilimwona, ila hakikutoka kitu. Anastase alimtazama kidogo tu, kama unavyotazama saa.

"Jag," alisema. Mimi.

Akataja jina lake lote. Akataja na kazi yake ya ukaguzi, ambayo hakuulizwa, maana huyu ndugu yangu akidanganya hudanganya nusu tu, nusu nyingine anaijaza kwa ukweli wa kumwangamiza.

Nilikasirika hadi masikio yakaziba. Lakini gari lilikuwa langu, Volvo kuukuu yenye nyuma ndefu, na hasira haiendeshi gari. Mimi na Eliud tulishusha boksi kwenye lifti. Médiatrice akatupa barafu ya kwenye friza ndani ya mfuko uliofungwa, tuuweke ubavuni mwa boksi. Eliud akasema anakuja. Anastase akamwambia abaki.

"Usionekane pale," alimwambia. "Kaa, kunywa chai."

Nimewahi kumwendesha mama mjamzito kutoka Tensta mpaka hospitali akipiga kelele njia nzima, na safari ile ilikuwa nyepesi kuliko hii. Anastase alikaa nyuma na boksi, amejikunja, anachota na kumwaga. Barabara kuu ilijaa, ilikuwa Jumapili ya jua la kwanza na Stockholm nzima ilitaka kwenda kukaa juani. Tulisimama juu ya daraja, magari mbele na nyuma, maji yanang'aa chini pande zote mbili. Maji yote yale, na yote hayamfai. Kila baada ya muda niliuliza, "Anapumua?" Anastase alijibu, "Ego," yaani ndiyo kwa kwao. Kisha nikauliza, akakaa kimya, nikauliza tena.

"Anapumua polepole," alisema.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Endesha, dada."

"Watakunyang'anya kile kitambulisho."

"Mutu aliomba njia, nikamuonyesha mbaya," alisema. "Niliongea juu ya wafalme. Nikaongea juu ya mapipa. Sikusema rudisheni mumaji. Nilitaka kwanza wamupende."

Nilipiga honi kwa mtu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Pale Nacka kuna miamba inayoteremka mpaka majini. Alinielekeza kwa alivyoelezwa na Eliud. Tulibeba boksi wawili, mimi na mgongo wangu wa kuinua wazee, tukateleza, tukajishika. Anastase hakuvua viatu. Aliingia baharini na suruali yake ya kanisani mpaka kiunoni, nami nikamteremshia samaki mikononi. Maji ya mwezi wa tano huku ni ya kuuma mifupa. Samaki aligeuka tumbo juu, jeupe. Nikasema moyoni basi, kwisha, tumepoteza vyote.

Anastase akamgeuza. Akamshika chini ya kifua na karibu na mkia, akamweka wima, pua ikielekea nje. Akamsogeza mbele polepole, maji yaingie mdomoni. Alisema naye Kirundi. Sikielewi chote, lakini nilisikia lile neno ambalo Médiatrice humwambia Mélissa akiwa mgonjwa, la kumbembeleza ale. Midomo ya Anastase iligeuka rangi. Nilimwambia atoke, nikamwambia tena kwa ukali, akafanya kama hanisikii. Watu wawili waliokuwa wakiota jua juu ya miamba walisimama kutazama, halafu wakakaa tena.

Kisha mikono yake ilikuwa haina kitu. Sikumwona samaki akienda. Niliona tu Anastase anatazama mikono yake chini ya maji, na kivuli kirefu kikididimia kule kwenye giza la kina.

"Ameenda au amezama?" niliuliza.

"Sijui," alisema. Alisema hivyo hivyo njia nzima ya kurudi, bila kuulizwa.

Wiki iliyofuata watu wa ofisi walimwita. Hawakumfokea, Waswidi hawafoki, na hilo huogopesha zaidi. Walimuuliza jinsi mkaguzi mzima alivyoweza kumpakia stör kwenye boksi la soda na kuvuka naye mji. Akasema alikosea. Wakaomba kitambulisho na kizibao, vikae kwao mpaka polisi wamalize kuchunguza. Alikitoa kile kitambulisho kwenye mfuko wake wa plastiki, akawapa, akarudi nyumbani na mfuko. Médiatrice aliukuta chini ya mto, haukuwa na kitu ndani.

Jioni bado alikwenda ziwani, bila kizibao. Alisimama mbali na wavuvi, akiona mtu anaweka gös mfupi kwenye ndoo anageuza uso kama aliyepigwa, maana hakuwa tena na ruhusa ya kusema neno. Hakula vizuri. Usingizi ulimpaa. Akiniona aliniuliza mambo mawili, kila mara kwa mpangilio ule ule: kama nimesikia habari yoyote ya samaki, na kama nimesikia habari yoyote ya Eliud.

Ya samaki hakuna aliyekuwa nayo. Ya Eliud nayo ilikuwa ngumu. Hakuonekana Hjulsta, hakupokea simu, aliomba abadilishiwe njia ya basi aendeshe upande wa kusini, huko Rågsved. Kwenye mkutano wa umoja watu walichekelea kwamba polisi wa samaki amekamatwa na samaki. Nilisimama kuwaambia ukweli. Anastase alinivuta gauni nikakaa. Mpaka leo sijamsamehe vizuri kwa kule kunivuta.

"Mwache," alinong'ona. "Ana watoto."

"Na wewe una nini?"

"Miye nina pasi tayari."

Nilimchukia Eliud, nasema waziwazi. Niliposhuka kituoni na kuona basi lolote nilichungulia dereva. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote, na hayakuwa ya kanisani.

Ikafika Jumapili moja ya mwezi wa sita. Mimi nilikuwa pale na chane yangu ya ndizi, Médiatrice anachemsha maji, Anastase dirishani akitazama ziwa ambalo si lake tena. Kengele ikalia. Médiatrice alifungua, akarudi nyuma hatua moja, na nikamwona Eliud.

Alikuwa amekonda. Alivaa suti yake ya Sabato ingawa ilikuwa Jumapili. Kwa mazoea nilitazama chini, kwenye mikono, kutafuta parachichi, mfuko, majani ya chai. Médiatrice naye alitazama pale pale. Mikono ilining'inia tu, vidole wazi. Hajawahi kuja hivyo, na yeye mwenyewe alijua tulikuwa tunatazama nini.

"Mzee," alisema, akibaki nje ya kizingiti. "Nimetoka kwa polisi. Nimewaambia ni mimi."

Anastase aligeuka kutoka dirishani.

"Kwa nini?" alisema. "Eliud, kwa nini? Na bibi yako? Na watoto?"

"Nilimpigia jana. Akaniuliza hao watoto nitawalea aje na hiyo kitu ndani yangu. Uraia sijui. Wamesema watanijulisha. Sijabeba kitu, mzee. Nilipita duka nikasimama pale kwa mlango, nikaona hapana. Ile siku ningekuja na habari peke yake, haya yote hayangekuwa."

Maneno yangu yote niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa pale mdomoni, tayari, na hayakutoka. Médiatrice alizima jiko. Anastase alivuka sebule na soksi zake, mtu yule wa kuogopa kila kitu, na niliona usoni mwake kwamba anaogopa bado, anamwogopea Eliud sasa, na mkewe, na watoto asiowajua, na samaki aliye chini ya maji au asiye chini ya maji. Alifika mlangoni. Akaitwaa ile mikono miwili, mitupu vile vile, akaishika kama alivyomshika yule samaki pale Nacka, akamvuta ndani.